Mbuzi wa Mjane na King'ora cha Ghala

Wapendwa, leo nimekuja na mama mmoja. Msigeuke kumtafuta huko nyuma, hayumo humu ndani, na kama yumo basi ni bahati yake kwamba silijui jina lake. Alikuwa mjane. Aliishi pembezoni mwa kijiji kimoja cha milimani, kijiji cha mahindi na viazi, na mali yake yote yenye miguu minne ilikuwa mbuzi mmoja. Mbuzi jike mweupe, sikio la kushoto limechanika. Asubuhi alimkamua, akapata kikombe cha maziwa, akachemsha chai yake, akamshukuru Mungu. Wapo watu humu wana ng'ombe saba zizini na sijawahi kusikia wakishukuru hata kwa kikombe.

Kijiji kile kilikuwa na sheria ya yowe. Yowe likipigwa, iwe mchana au usiku, kila mtu mzima anaacha alichoshika na kukimbilia linakotoka. Kama unakula, acha. Kama unaoga, jifunge shuka uje hivyo hivyo. Ni sheria nzuri, mababu waliiweka wakijua wanachofanya. Lakini walevi wakaichezea. Mmoja alipiga yowe kwa sababu ya kivuli chake ukutani, mwingine kwa sababu mkewe kamfungia mlango. Basi mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye akili na hasira za karibu, akaongeza kifungu chake: atakayepiga yowe la bure atatoa mbuzi, na mbuzi huyo ataliwa na wale waliokimbia. Watu wakapiga makofi. Walevi wakafunga midomo. Mwenyekiti akasifiwa mpaka wilayani.

Sasa jirani wa mjane huyu alikuwa binti wa mwenyekiti mwenyewe, aliyeolewa na kijana wa ukoo mkubwa, ukoo wenye mashamba na sauti. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa michongoma tu. Jioni moja mama yupo uani anachambua mboga, akasikia kishindo upande wa pili. Akadhani wanatwanga. Akaendelea na mboga zake. Kisha kile kinu kikalia kwa sauti ya mtu.

Mama hakufikiri mara mbili. Alisimama akapiga yowe, na kijiji chote kikaja, kama sheria inavyotaka. Mlango ukafunguliwa na mume mwenyewe, anatabasamu, sahani ya ugali mkononi. Mkewe nyuma yake. Mwenyekiti akapita mbele ya watu akamuuliza binti yake kuna nini. Binti akautazama mgongo wa mumewe, akatazama chini, akasema ameangusha chungu. Mwenyekiti akashusha pumzi. Mtu akishapata jibu alilokuwa akilitaka, hatafuti la pili. Kisha mkwe akauliza, kwa adabu kabisa, kama ile sheria ya mbuzi ni ya walevi peke yao.

Wakwe wanatazama. Kijiji kinatazama. Aibu ilimpanda mwenyekiti, na aibu ikipanda haikosi mtu wa kumwangukia.

"Mwenyekiti, nimesikia kwa masikio yangu," mama akasema.

"Umesikia peke yako. Neno la mtu mmoja si neno."

Kesho yake walikuja kumchukua mbuzi. Alichinjwa kwenye ofisi ya kijiji, mchana, watu wamekaa kwenye benchi. Mchungaji wa pale akaitwa kuiombea nyama, naye akaiombea. Huyo mchungaji nitamrudia, msidhani nimemsahau. Na kwa kuwa mila inasema kila aliyefika apate chake, mama naye akapelekewa kipande cha shingo kwenye sahani iliyofunikwa vizuri. Aliifukia nyuma ya nyumba. Kwa siku nyingi alikunywa chai ya rangi huku kikombe cha kukamulia kimeinamishwa dirishani.

Kijiji kikajifunza, wapendwa. Mwenyekiti alitaka kuwafundisha watu wasiseme uongo. Wao wakajifunza wasione.

Miezi mitatu ikapita, zikaja habari za ghala. Kijiji kilikuwa na ghala la ushirika, hapo bondeni, mabati mapya yanayong'aa, na humo ndani mahindi ya watu wote. Kulikuwa na wizi mahali pengine, wakaogopa, wakanunua vile vidude vya ulinzi ambavyo mafundi wanaviita sensa. Kimoja kilikaa mlangoni, kinasema mlango ukifunguka. Kimoja kilikaa juu kama jicho, kinasema kitu kikitembea. Kimoja kilibandikwa ukutani, kinasema ukuta ukitikiswa. Na kila kimoja kilikuwa na ruhusa ya kupiga king'ora chenyewe, bila kumuuliza mwenzake.

Mnajua kilichotokea. Popo akipita, king'ora. Upepo ukisukuma mlango, king'ora. Lori la magogo likipanda mlima, ukuta ukatetemeka, king'ora. Wiki moja kililia mara kumi na moja, na mara kumi na moja watu wakakimbia na marungu kwenda kumkuta popo. Je, kuna aliyesema king'ora kitoe mbuzi? Hakuna. Ilisemwa tu kwamba hakijafungwa vizuri, wakamwita fundi.

Fundi akaja kutoka mjini, binti mmoja mwembamba na mkoba wa nyaya begani. Watu walikusanyika kumtazama akipanda ngazi. Mwenyekiti akamwambia ni rahisi tu, akatoe lile jicho, ndilo linalodanganya kuliko yote.

"Halidanganyi, mzee," fundi akasema. "Limeona kitu kweli, ila halijui ni popo. Kila kimoja kinaona kipande. Sitalizima neno la hata kimoja; nitaviunganisha kwenye boksi moja. Kimoja kikisema, neno lake litawekwa. Cha pili kikisema, tutaanza kuangalia. Vyote vitatu vikisema pamoja, ndipo king'ora kilie."

"Na kile kitakachosema bure?"

"Tutajua popo kapita. Ukikiadhibu kwa kukikatia waya, siku mwizi akija nacho kitanyamaza."

Watu wakashangilia akili ya yule binti. Mwenyekiti akashangilia kuliko wote, akairudia ile kauli kwa wageni zaidi ya mara moja. Mjane alikuwa amesimama nyuma ya umati. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna chombo cha namna hiyo cha kuunganisha maneno ya watu. Wakamcheka. Fundi hakucheka, lakini alijibu kwamba hiyo siyo kazi yake, akafunga mkoba wake akaondoka.

Na lile boksi lilifanya kazi. Sitalisingizia. Popo walipita, upepo ulivuma, malori yalipanda, na king'ora kikawa kimya wiki kwa wiki. Mlinzi wa mchana akaondolewa kwa kuwa hakuhitajika tena. Watu wakawa wanasema, king'ora kile kikilia, ujue kuna mwizi, vitatu haviwezi kukosea. Kijiji kilichokataa neno la mama mwenye masikio mawili kiliapa kwa vidude vitatu visivyo na hata moja.

Ikafika Jumatano moja ya mwezi wa kumi. Jua kali, watu wapo mashambani wanaandaa ardhi, mwenyekiti yupo ofisini na kamati yake. Mama anapukuchua mahindi uani. Binti wa mwenyekiti wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama alikuwa akimwona akipita taratibu, mkono kiunoni, na walikuwa wakisalimiana juu ya michongoma bila kusemeshana zaidi. Toka siku ya mbuzi walikuwa wakioneana haya, kila mmoja kwa sababu yake.

Akasikia kishindo. Safari hii hakudhani wanatwanga.

Alizunguka ua akagonga mlango kwa viganja vyote viwili. Ndani kishindo kikakoma. Kisha sauti ya mume ikaja kutoka nyuma ya mbao, haina haraka, sauti ya mtu anayeijua sheria ya kijiji chake.

"Una mbuzi mwingine, mama?"

Wapendwa, nimeyawaza sana maneno hayo. Mtu yule hakujificha nyuma ya mlango. Alijificha nyuma ya sheria yetu. Sisi ndio tuliomjengea nyumba, tukampa na komeo.

Mama alibaki amesimama pale juani. Apige yowe? Nani aje? Watasikia ni sauti ile ile ya yule wa mbuzi, wataendelea kulima. Akimbie ofisini? Ni mbali, na akifika ataulizwa amesikia na nani. Ninyi mngefanya nini? Msinijibu haraka, maana najua mngefanya nini. Wengi wetu tungeingia ndani tukafunga dirisha. Mama akatazama bonde. Akayaona yale mabati yanayong'aa. Akajiuliza, kijiji hiki kinamwamini nani? Akajijibu. Akarudi kwake, akachukua mchi wa kinu, akashuka mbio na magoti yake mabovu.

Alilipiga komeo la ghala mpaka likang'oka, akavuta mlango. Kidude cha mlangoni kikasema. Akaingia akatembea katikati ya magunia, akipunga mikono. Jicho likasema. Akainua mchi akaupiga ukuta, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Cha ukutani nacho kikasema. Vikawa vitatu, na king'ora kikalia mpaka ng'ambo ya pili ya mlima.

Loo, jinsi watu walivyokuja! Kutoka mashambani, kutoka kilabuni, kutoka zahanati, na majembe, na mapanga, na mmoja na sufuria. Hakuna aliyeuliza kama ni yowe la bure. Wakamkuta mjane amesimama mlangoni na mchi mkononi. Mmoja akamzaba kibao. Wawili wakamfunga mikono kwa kamba ya magunia. Mama anajaribu kusema, wao wanamwambia anyamaze, mwizi mkubwa we. Mwenyekiti akafika anahema, na jambo lake la kwanza akaagiza magunia yaangaliwe yote.

Yakaangaliwa. Mstari kwa mstari, kwa utulivu, huku jua likitembea. Mama akasubiri. Angefanya nini zaidi, na mikono imefungwa? Mwisho mmoja akatoka akasema hakuna kilichopungua.

"Hapa hakijapungua," mama akasema. "Kinapungua kwa mwanao, mwenyekiti. Nimepiga mlango nikaulizwa kama nina mbuzi mwingine. Sina. Ndiyo maana nimekuja kwa hawa watatu mnaowaamini."

Mwenyekiti alifungua mdomo, na ninaamini, Mungu anisamehe kama namsingizia, alikuwa anataka kuuliza nani mwingine amesikia. Kabla hajauliza, fundi cherehani akasema kutoka katikati ya watu. Akasema binti alikwenda kwake akataka mikono ya gauni iongezwe mpaka kiganjani, tena kipindi cha joto, naye akadhani labda ameokoka. Mama anayeuza maji kioskini akasema, mbona na yeye tangu mavuno anamwona akibeba ndoo kwa mkono wa kushoto tu. Kisha muuguzi wa zahanati, mtu ambaye huwa hasemi habari za wagonjwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba alimtibu mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa ameanguka kwenye ngazi, naye akaandika ngazi.

Mtu mmoja akauliza, nyumba ile ina ngazi gani?

Haina. Ni nyumba ya chini, sakafu ya saruji. Kijiji kizima kilikuwa kinajua haina ngazi. Walikaa na vipande vyao vitatu miezi na miezi, kila mmoja kwake, kwa sababu kipande kimoja hakitoshi kuwa na uhakika, na asiye na uhakika alikuwa anatozwa mbuzi. Ilichukua muda mfupi kuliko sala ya Baba Yetu kuviunganisha. Ilihitaji tu mmoja aanze.

Mwenyekiti alikimbia mbele ya wote. Mzee yule alipanda mlima kama hana miaka, viatu vikamtoka akaviacha njiani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli nje, na pikipiki ya mkwe haipo. Wakauvunja kwa mchi ule ule. Binti alikuwa sakafuni, yu hai, anawatazama.

Daktari wa hospitali ya wilaya hakumlaumu mtu. Alisema binti atapona. Alisema kwa mtoto wamechelewa kidogo. Kidogo, wapendwa. Kidogo hicho ni kiasi gani? Ni kiasi cha kushuka bondeni kwa magoti mabovu, kufungwa kamba, na magunia kuangaliwa mstari kwa mstari. Mwenyekiti alikisikia hicho kidogo akakaa chini kwenye korido, akalia kwa sauti, mbele ya wauguzi, kama mtu asiye na cheo. Na huko kijijini kamati ilikaa, mjumbe mmoja akauliza komeo la ghala litanunuliwa na nani. Sitanii.

Mume alikamatwa stendi ya mji wa pili. Hiyo ni kazi ya serikali, tuiachie.

Siku ya kutoka hospitali, mwenyekiti alikodi gari dogo la mizigo, akaweka godoro nyuma na blanketi jipya, mkewe akapika supu. Njiani alikuwa anaongea sana, chumba kimepakwa chokaa, dirisha limewekwa wavu. Binti akasikiliza. Walipofika njia panda akaomba ashushwe kwa yule mama.

"Kwenu ni huku, mwanangu," mwenyekiti akasema.

"Baba, mara nyingi nilitaka kupiga yowe mwenyewe. Nilikuwa sina mbuzi."

Gari likapinda kona mpaka mlangoni kwa mjane. Mama akatoka, vifundo vya mikono bado vina alama za kamba. Akamshika yule binti begani, akamwingiza ndani, akamkalisha. Ndipo mwenyekiti akazunguka nyuma ya gari akashusha mbuzi wawili, majike, wanono, aliowaficha nyuma ya godoro. Akawavuta mpaka kizingitini. Akampa mama zile kamba mbili.

Mama akazipokea. Akawatazama mbuzi, akamtazama mwenyekiti, wala hakuwa na hasira usoni. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Ahsante, mwenyekiti," akasema. "Sasa nina mayowe mawili."

Akawapeleka zizini, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwenyekiti akabaki na blanketi mkononi, na supu inapoa kwenye gari.

Sasa sisi. Ndiyo, sisi, mbona mnaanza kutafuta miavuli? Sisi tunajua kufunga vitasa vitatu kwenye duka. Tunajua kumwita fundi kutoka mjini ili mahindi yasipotee. Kifaa kikikosea tunakiwekea betri mpya. Mtu akikosea kwa kutuonya tunamchinjia mbuzi wake mbele yake, na shingo tunampelekea. Mtoto akisema mjomba fulani simpendi, tunamwambia ana adabu mbaya. Jirani akisema nimesikia kitu, tunamuuliza kwa nini anasikiliza ya watu. Halafu msibani, angalieni, msibani ndipo tunaunganisha! Huyu anasema hata mimi niliona. Yule anasema na mimi, nilikuwa nawaza. Pale kwenye turubai, mikono imeshika vikombe, vipande vyote vinakutana, na marehemu hawezi kusikia.

Sisemi kila anayepiga yowe anasema kweli. Fundi yule hakusema hivyo. Neno la mmoja si hukumu, usimfunge mtu kwa neno la mmoja. Lakini ni neno. Liweke. Mtafute mwenye la pili. Kwani nani alituambia kwamba asiye na uhakika anyamaze?

Nilisema nitamrudia yule mchungaji. Aliitwa kuiombea nyama, akaiombea, hakuuliza ni mbuzi wa nani wala mwenye mbuzi yuko wapi mbona hayupo mezani. Mnataka kujua ni nani? Hadithi ni ya kutunga, jina hana. Lakini mimi nimeombea nyama nyingi katika kazi hii, na nikikumbuka vizuri, nikiletewa sahani huwa nauliza kama ina chumvi.

Kwa hiyo leo sitaanza na kuwaombea. Tutakaa kimya kwanza. Halafu mtakapotoka nitasimama pale mlangoni, peke yangu, mpaka wa mwisho apite. Mwenye neno, hata kama ni nusu ya neno, hata kama ni mikono ya gauni tu na hana hakika, anipe mkono aniambie. Nitaliweka, nitatafuta lenzake, na hakuna atakayeulizwa kama ana mbuzi.